Novi Beograd: Nyumba Zina Wenyewe, Ardhi Je?

Katika Novi Beograd, yaani Belgrade Mpya, mwenyeji akiulizwa anakaa wapi hahangaiki kutaja jina la barabara. Anataja namba. Bloku ya 23. Bloku ya 45. Bloku ya 70. Na kama muulizaji naye ni wa huko huko, namba hiyo inamtosha: atajua kama mwenzake anaishi karibu na katikati ya mji au ukingoni mwa mto Sava, kama majengo yao ni marefu au mafupi, hata kama waliohamia wa kwanza walikuwa familia za wanajeshi au za wafanyakazi wa mashirika.

Namba hizo zilianzia kwenye michoro ya wapangaji miji. Watu walihamia, wakazikuta, wakazizoea, zikawa majina. Leo Novi Beograd ndiyo manispaa yenye watu wengi kuliko zote katika jiji la Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 209,763 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 41. Wengi wao wanaishi mahali ambapo miaka 80 iliyopita palikuwa na vyura, matete na maji yaliyotuama.

Wageni wanaofika huko na kamera zao huja kutazama zege. Hawakosi cha kutazama: kuna majengo marefu kama barabara nzima, kuna minara, kuna kuta ambazo madirisha yake yamefinyangwa kama skrini za televisheni. Lakini jambo zito la mji huu liko chini, kwenye ardhi iliyoachwa wazi kati ya jengo na jengo. Ardhi hiyo ndiyo iliyoufanya mji ukalike, na ndiyo inayogombewa leo.

Belgrade ya kale iko juu ya kilima, pale Sava inapoingia kwenye mto Danubi. Ng'ambo ya Sava, kuelekea mji mdogo wa Zemun, nchi ni tambarare na iko chini, na mito ilipofurika iliimeza. Tena palikuwa mpakani. Kuanzia karne ya 18 Zemun ilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg wa Vienna, na Belgrade, ukiondoa vipindi vifupi, ilikuwa chini ya Waturuki wa Osmani, kisha chini ya Waserbia wenyewe. Nani angejenga nyumba kati ya mizinga ya himaya mbili? Kinamasi kilikaa hivyo hivyo hadi 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na pande zote mbili zikaingia katika nchi moja iliyokuja kuitwa Yugoslavia.

Mwaka 1937 palijengwa kwenye kinamasi hicho uwanja wa maonyesho ya biashara, wenye mabanda ya mataifa na mnara katikati. Mwaka uliofuata kampuni ya Philips iliwaonyesha watu wa Belgrade televisheni hapo hapo. Furaha hiyo haikudumu. Wajerumani waliivamia Yugoslavia Aprili 1941, na ilipofika Desemba mabanda yale yaligeuzwa kambi. Waliofungiwa humo kwanza walikuwa Wayahudi, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Katika majira ya machipuko ya 1942 walipakiwa kwa zamu kwenye gari lililoelekezewa moshi wake ndani, wakafia njiani. Waliouawa walikuwa zaidi ya 6,000. Baadhi ya majengo ya kambi hiyo, iitwayo Staro Sajmište, yamesimama hadi leo, na kwa miongo mingi yalitumiwa kama makazi na karakana za wasanii. Kwa hiyo hata kabla tofali la kwanza la mji mpya halijawekwa, ardhi hii ilikuwa na wafu wake.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikomunisti ya Josip Broz Tito ilitaka mji mkuu wa shirikisho lenye jamhuri sita. Belgrade ya kale ilikuwa ya Waserbia, na ilikuwa imepigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1941, kisha na ndege za Washirika mwaka 1944. Kinamasi cha ng'ambo hakikuwa cha yeyote. Msanifu Nikola Dobrović alichora mpango mkubwa wa wizara, balozi na barabara pana zinazotawanyika kutoka stesheni ya reli. Tarehe 11 Aprili 1948 kazi ikaanza, na hadi leo tarehe hiyo ndiyo siku ya manispaa.

Kazi yenyewe ilifanywa na vijana. Maelfu kwa maelfu walikuja kutoka kila jamhuri katika vikosi vya kujitolea, wakiwa na masepetu na matoroli, wakilala kwenye mabanda ya mbao. Mchana walichimba na kusomba. Jioni walihudhuria madarasa, na waliokuwa hawajui kusoma walifundishwa. Mashine zilivuta mchanga kutoka kwenye mito pamoja na maji yake, zikausukuma kwa mabomba na kuumwaga juu ya kinamasi, maji yakachuruzika na mchanga ukabaki. Ndiyo maana chini ya Novi Beograd kuna tabaka nene la mchanga wa mtoni.

Miezi miwili tu baadaye mambo yaligeuka. Juni 1948 Stalin aliifukuza Yugoslavia kutoka kwenye umoja wa vyama vya kikomunisti vya Ulaya. Biashara na nchi za mashariki ilikatika, fedha zikaadimika, na jumba kubwa la serikali ya shirikisho lilibaki nguzo tupu kwa miaka. Hoteli ya Jugoslavija, iliyoanza kujengwa wakati huo huo kando ya Danubi, ilikuja kufunguliwa mwaka 1969.

Pengo hilo la miaka ndilo lililobadilisha mji. Kuanzia 1950 Yugoslavia ilifuata njia yake ya wafanyakazi kujiendeshea viwanda, na madaraka mengi yakateremshwa kutoka serikali kuu kwenda kwenye jamhuri na wilaya. Wizara zilizokuwa zijae kwenye mpango wa Dobrović zikapungua umuhimu. Wakati huo huo wanavijiji walikuwa wakimiminika Belgrade kutafuta kazi viwandani, na nyumba hazikuwepo. Mji uliokusudiwa uwe wa ofisi ukageuzwa kuwa mji wa kulala watu. Jumba la serikali lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950, likiwa na umbo linalofanana na herufi H ukilitazama kutoka angani. Lakini nguvu ya ujenzi ilikuwa imeshahamia kwenye makazi. Mwaka 1961 Novi Beograd ilikuwa na watu wapatao 33,000. Mwaka 1971 walikuwa zaidi ya 90,000, na kufikia 1981 walizidi 170,000.

Wapangaji waliamini kanuni walizokuwa wakizihubiri wasanifu wa kisasa wa Ulaya tangu miaka ya 1930: mahali pa kazi patenganishwe na mahali pa kulala, magari yasipite walipo watoto, kila chumba kipate jua, na jengo lisimame ndani ya bustani badala ya kubanana na barabara. Barabara kubwa zilikatwa kwa mistari iliyonyooka. Kila kipande kilichozungukwa na barabara hizo ndicho kilichoitwa bloku. Ndani yake waliweka shule, chekechea, maduka, na njia za miguu zinazomfikisha mtoto darasani bila kuvuka barabara ya magari. Bloku za 1 na 2, zilizochorwa na Branko Petričić mwishoni mwa miaka ya 1950, ndizo zilizofungua njia. Kisha wakaja Uroš Martinović na wenzake na mpango wa eneo la kati, bloku tisa zilizopangwa safu tatu kati ya jumba la serikali na stesheni ya reli.

Hapo ndipo ardhi ya wazi ilipopatikana. Majengo yalichukua sehemu ndogo ya bloku. Sehemu kubwa ilibaki nyasi, miti, viwanja vya mpira wa kikapu, mabenchi na vijia. Nyumba ikiwa finyu, maisha yalitoka nje. Wastaafu walicheza drafti na sataranji, watoto walikua wakijuana kwa namba za majengo, na vijana walijenga urafiki, na uhasama, kwa kufuata mipaka ya bloku.

Sasa kuhusu zege, kwa sababu nalo lina habari yake. Mwaka 1957 mhandisi Branko Žeželj wa taasisi ya utafiti wa vifaa vya ujenzi ya Belgrade, iitwayo IMS, alibuni mfumo wa kujenga kwa vipande vinavyotengenezwa kiwandani. Nguzo na slabu za sakafu zilipangwa mahali pake, kisha nyaya za chuma zikapitishwa katikati yake na kukazwa kwa nguvu, vipande vikashikana kama shanga kwenye uzi. Kuta hazikubeba mzigo, hivyo msanifu aliweza kuzigawa atakavyo. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mji wa Banja Luka mwaka 1969, majengo ya mfumo huo yalistahimili vizuri. Mfumo ukasafirishwa hadi Cuba, Angola na Ethiopia, miongoni mwa nchi nyingine.

Na hapa Afrika inaingia kwenye simulizi kwa mlango wa mbele. Mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika Belgrade Septemba 1961, na viongozi walioshiriki walivuka Sava kupanda miti kwenye bustani ya urafiki ya Novi Beograd. Mashirika ya ujenzi ya Yugoslavia yalifuata njia hiyo ya urafiki kutafuta kazi. Energoprojekt, ambayo makao yake makuu yako Novi Beograd, ndiyo iliyojenga ukumbi wa Mulungushi mjini Lusaka kwa miezi michache tu, ili Zambia iweze kupokea mkutano wa nchi hizo zisizofungamana mwaka 1970. Mapema mwaka huo huo Tito alikuwa amezuru Tanzania, Zambia, Ethiopia na Kenya kwa safari moja. Mafundi waliojifunza kushindana na muda na uhaba kwenye mchanga wa Sava walikuwa na ujuzi uliotakiwa na nchi changa.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na ubunifu. Wasanifu wa Belgrade walikuwa na fikra zao kuhusu fleti ya kawaida, na waliziboresha kwa kushindanishwa. Washindi wa shindano la 1968 la kuchora bloku za 22 na 23 walikuwa Božidar Janković, Branislav Karadžić na Aleksandar Stjepanović. Walikuwa na mita za mraba chache, wakatafuta namna ya kuzifanya zionekane nyingi. Meza ya chakula waliiweka katikati ya fleti. Milango waliipanga ili mtu aweze kutoka jikoni, kupita sebuleni na kwenye korido, kisha kurudi jikoni kwa upande mwingine. Mtoto anazunguka nyumba nzima bila kugota ukutani. Bloku ya 23 ilijengwa kwa ajili ya watu wa jeshi, na wapenzi wa usanifu bado huitembelea kutazama jinsi zege lake lilivyochongwa kwa ustadi wa seremala. Kwenye bloku ya 28, Ilija Arnautović aliweka yale madirisha yenye fremu za mviringo pembeni. Wakazi waliyaona, wakayabatiza majengo hayo jina la televisheni, na jina likakaa.

Lakini nani aliyepewa nyumba hizo? Fleti haikununuliwa, iligawiwa. Sehemu ya mapato ya mishahara ilikatwa kwenda kwenye mfuko wa nyumba, na kampuni, wizara au jeshi likajenga au kununua fleti na kuzigawa kwa watu wake kwa kufuata orodha. Aliyepata alipewa haki ya kukaa maisha yake yote na kuwarithisha jamaa waliokuwa wakiishi naye, kwa kodi ndogo. Haki hiyo ilikuwa karibu sawa na umiliki, ila haikuuzika.

Orodha hiyo ilikuwa na upendeleo wake. Ofisa wa jeshi, mhandisi au karani wa shirika kubwa alifikiwa upesi. Mfanyakazi asiye na ujuzi, ambaye mshahara wake nao ulikatwa, aliweza kusubiri miaka na miaka. Wengi wa hao walikata tamaa wakajijengea wenyewe bila kibali pembezoni mwa jiji, na Kaluđerica, upande wa kusini-mashariki, ikakua kuwa moja ya makazi holela makubwa ya Yugoslavia. Hivyo mji uliojengwa kwa jina la wafanyakazi uliwaacha wafanyakazi wengi nje ya milango yake.

Kulikuwa na upungufu mwingine pia. Eneo la kati lilikusudiwa kuwa na maduka makubwa, kumbi na viwanja vya mikusanyiko. Fedha hazikutosha, na bloku kadhaa zilikaa tupu kwa miongo. Wenyeji waliuita mji wao bweni: watu walivuka daraja asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni kulala. Majumba machache makubwa yalijitokeza hata hivyo. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa, kazi ya Ivan Antić na Ivanka Raspopović, lilifunguliwa 1965. Sava Centar, ukumbi wa mikutano uliochorwa na Stojan Maksimović, ulianza kazi 1977. Na ile minara pacha ya Genex ya Mihajlo Mitrović, iliyounganishwa juu kwa daraja na kuvikwa mgahawa kileleni, ikawa lango la magharibi la jiji.

Halafu nchi yenyewe ikavunjika. Yugoslavia ilisambaratika kwa vita kuanzia 1991, Umoja wa Mataifa ukaiwekea Belgrade vikwazo Mei 1992, na kufikia mwisho wa 1993 benki kuu ilichapa noti ya dinari bilioni 500. Wakimbizi kutoka Kroatia na Bosnia walijazana kwa jamaa zao. Petroli ya magendo iliuzwa barabarani kwa vidumu na chupa, na vibanda vya biashara vikaota kwenye zile nyasi za bloku. Filamu ya Srđan Dragojević ya 1998 iitwayo "Rane" iliwaonyesha vijana wa maghorofa haya wakimezwa na ujambazi wa miaka hiyo. Mwaka 1999 mabomu ya NATO yaliupiga mnara uliokuwa makao ya chama cha kikomunisti, na usiku wa tarehe 7 Mei yaliangukia ubalozi wa China, uliokuwa Novi Beograd, yakaua watu watatu.

Katikati ya msukosuko huo lilifanyika jambo la kimya lenye uzito kuliko mabomu. Kwa sheria za 1990 na 1992 fleti za umma ziliuzwa kwa waliokuwa wakizikalia. Dinari ilikuwa ikiporomoka kila siku, hivyo waliowahi kulipa kwa wakati unaofaa walijipatia nyumba kwa bei ya kutupa. Ndani ya miaka michache karibu fleti zote zilikuwa na wenyewe. Familia iliyokuwa imepoteza akiba yote benki ikajikuta na mali moja ya thamani: vyumba viwili na jiko kwenye ghorofa ya nane.

Kilichouzwa kilikuwa fleti. Ardhi iliyozunguka jengo haikuuzwa. Ilikuwa imetaifishwa tangu sheria ya 1958, ikabaki mikononi mwa dola. Wakazi waliokuwa wameitumia ile bustani kwa miaka 30, wakapanda miti yake na kulea watoto chini yake, hawakupata hati yake, kwa sababu kwenye mfumo wa zamani hapakuwa na haja ya hati. Katiba ya 2006 iliruhusu ardhi ya ujenzi mijini kumilikiwa na watu binafsi, na sheria ya mipango na ujenzi ya 2009 ikaweka utaratibu wa kugeuza haki ya kuitumia kuwa umiliki. Wawekezaji wakatazama ramani. Waliona eneo karibu na mto, lenye barabara pana, mabomba ya maji na joto yaliyokwisha kufukiwa, na kati ya majengo nafasi tele ambayo kwa macho yao ilikuwa haina kazi.

Delta City, jumba la maduka, lilifunguliwa 2007. Mnara wa chama ulikarabatiwa ukawa wa ofisi, na mwaka 2009 pembeni yake likafunguliwa jumba jingine la maduka. Bloku za kati zilizokuwa tupu zikajaa benki na makampuni, na ile sifa ya bweni ikafutika: siku hizi watu wa upande wa kale ndio wanaovuka daraja asubuhi kuja kufanya kazi huku. Wengi walilipokea hilo kwa mikono miwili. Kazi zilikuja, na bei ya fleti kuukuu ikapanda.

Ugomvi huzuka pale jengo jipya linapotaka kuchomekwa ndani ya bloku ya makazi, kwenye uwanja wa watoto au mahali pa kuegesha magari. Anayetetea ujenzi ana hoja: jiji linahitaji nyumba, na ni nafuu kujenga penye mabomba kuliko kulitandaza jiji mashambani. Mkazi naye ana hoja. Idadi ya madarasa, upana wa vijia na umbali wa jengo hadi jengo vilipigiwa hesabu pamoja. Ukiongeza mnara mmoja bila kuongeza shule, umeivunja hesabu hiyo, na jua la fleti 40 limezibwa.

Mwaka 2016 bunge la Serbia lilipitisha sheria inayolazimisha kila jengo la fleti liwe na msimamizi, awe amechaguliwa na wakazi au ameajiriwa kwa malipo. Hiyo inagusa lifti zilizochakaa, mapaa bapa yanayovuja na mabomba ya nusu karne, na mzigo wa gharama ni wa wenye fleti, ambao wengi wao ni wastaafu. Ugomvi wa ardhi iliyo nje ya mlango wa jengo haikuumaliza. Sifa kutoka ng'ambo nayo haikupungua: mwaka 2018 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York lilifanya maonyesho makubwa ya usanifu wa Yugoslavia, na miaka mitatu baadaye serikali ya Serbia ikaliweka eneo la kati la Novi Beograd kwenye orodha ya urithi unaohifadhiwa, pamoja na mpangilio wake wa majengo na nafasi za wazi. Bloku za ukingoni mwa Sava, kama ya 45 na ya 70, ziko nje ya mpaka huo. Huko, rasimu ya mpango mpya wa ujenzi inapowekwa hadharani, wakazi wana muda maalumu wa kuisoma na kupeleka pingamizi kwa maandishi, na tume ya mipango ya jiji ndiyo inayoamua pingamizi lipi likubaliwe.